Faili ni Faili: Acheni Kuuziwa Waya wa Dhahabu

Leo nina hasira kidogo, kwa hivyo wale watakaochomwa na maneno haya wanisamehe mapema, kisha wayasome tena polepole.

Kuna biashara imeshamiri hapa mjini ya kuwauzia watu hofu. Una nyimbo zako kwenye tarakilishi. Sebuleni una amplifaya na spika mbili. Labda ulirithi kutoka kwa mzee, labda ni mitumba iliyotoka Uingereza. Unachotaka ni kitu kidogo sana: nyimbo zilizo huku zisikike kule. Lakini ingia dukani uulize. Utaambiwa hivyo hivyo tu haiwezekani. Kwanza ununue waya maalum. Halafu ununue nyimbo zako upya, zile za "ubora wa studio". Halafu ununue kisanduku cheusi cha kuzicheza, na mwishowe ulipe kila mwezi hadi siku ya kiyama.

Duka moja (jina nalihifadhi) lilimtajia rafiki yangu shilingi elfu kumi na mbili kwa waya wa USB wa mita moja na nusu, wenye ncha za rangi ya dhahabu. Alipouliza una tofauti gani na ule uliokuja na printa yake, akajibiwa kwamba huu "unaleta besi yenye joto". Besi yenye joto! Ndani ya waya wa USB! Wahenga walishasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Neno hi-fi ukilitamka kwa Kiswahili linakuwa "haifai", na ukisikiliza wauzaji hawa utadhani ndiyo maana yake: ulicho nacho hakifai, nunua kingine.

Msimamo wangu nautoa hapa mwanzo, usije ukasema nilikuzungusha. Tarakilishi yoyote inayofanya kazi, hata ile kuukuu iliyotupwa chini ya kitanda, inatosha kabisa kuwa chanzo cha muziki kwa hi-fi ya nyumbani. Pesa zako ziende kwa vitu viwili tu: spika, na nyimbo ambazo ni zako kweli. Shilingi inayokwenda kwingine kabla ya hivyo viwili imepotea.

Waya haujui besi

Wimbo ulio kwenye diski ni nambari. Basi. CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, mara moja kwa upande wa kushoto na mara moja kwa upande wa kulia. Zidisha mwenyewe: biti 1,411,200 kwa sekunde. Katika waya wa USB hakuna besi wala joto. Kuna sifuri na moja, ndugu zao wale wanaobeba barua yako ya kuomba kazi kwenda kwenye printa.

Kazi yangu ni kuandika programu, na baadhi ya programu ninazoandika zinahamisha pesa za watu. Kama waya wa shilingi mia tatu ungekuwa na tabia ya kubadilisha nambari kidogo kidogo hadi besi ipoe, basi ungebadilisha pia salio lako la benki. Sijawahi kusikia mteja akilalamika kwamba salio lake limekuwa na ukungu kwa sababu ya waya wa bei rahisi.

Waya mbovu wa kidijitali hauharibu sauti kwa ustaarabu. Biti zikipotea utajua: mkwaruzo, ta-ta-ta, au kimya. Hauwezi kuipunguza besi peke yake ukaiacha sauti ya mwimbaji salama, kwa sababu waya haujui besi iko kwenye nambari zipi. Kwa hivyo ukisikiliza wimbo mzima bila mikwaruzo, waya wako ni mzima. Umemaliza. Nenda kanywe chai.

Usiniamini mimi, pima. Faili za FLAC hubeba ndani yake hashi ya MD5, yaani alama ya hesabu iliyotolewa kwenye sauti kabla haijabanwa. Nakili faili kutoka diski kwenda flashi, kutoka flashi kwenda simu, kutoka simu kupitia Wi-Fi hadi tarakilishi nyingine, kisha endesha amri flac -t. Ikipita, nambari za sauti ni zilezile zilizokuwapo siku faili ilipotengenezwa. Si "karibu sawa". Ni zilezile.

Hapo mtaalamu wa dukani atainua kidole: "Lakini kuna jita!" Jita ni jambo la kweli. Maana yake ni kwamba nambari ni sahihi ila zinageuzwa kuwa sauti kwa mdundo usio sawasawa. Lakini chipu inayogeuza nambari kuwa umeme wa sauti, ile ambayo maduka huiita DAC, kwa vifaa vingi vya USB vya siku hizi hutumia saa yake yenyewe. Ndiyo inayoiambia tarakilishi "leta nyingine", inazipanga nambari kwenye bafa, kisha inazitoa kwa mdundo wa saa iliyo ndani ya kisanduku chake. Ni kama mkate wa dukani: haijalishi lori lilikwama kwenye foleni ya Thika Road kiasi gani, mradi mkate uko kwenye rafu kabla ya chai ya asubuhi.

Waya unaoweza kukusumbua ni ule wa sauti yenyewe, kutoka DAC hadi amplifaya. Huo unabeba umeme mdogo na unaweza kuokota mngurumo, ule mmmm usiokwisha hata wimbo ukisimama. Mara nyingi chanzo ni chaja ya laptopu. Ichomoe chaja, laptopu itumie betri. Mngurumo ukifa, umemkamata mwizi. Dawa yake si dhahabu. Dawa ni kuchomeka laptopu na amplifaya kwenye soketi za pamoja, kumwita fundi aangalie kama nyumba yako ina waya wa ardhini unaofanya kazi, au kutumia waya wa mwanga, teknolojia ambayo Toshiba waliileta mwaka 1983. Mwanga haupitishi umeme, kwa hivyo mngurumo hauna njia ya kupita.

Nambari kubwa si sauti nzuri

Hofu ya pili wanayouza ni kwamba faili zako ni ndogo mno. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1? Hiyo ni ya kizamani, utaambiwa. Muziki wa kweli ni biti 24 na kilohezi 192.

Turudi darasani dakika mbili. Hesabu za Nyquist na Shannon, ambazo kila aliyesoma mawasiliano ya kidijitali amezitolea jasho kwenye mtihani, zinasema kwamba ukipima wimbi mara 44,100 kwa sekunde, unaweza kurudisha kila kitu kilicho chini ya hezi 22,050. Si kwa kukadiria, kila kitu. Sikio la kijana mwenye afya hufika kama hezi 20,000, na kiwango hicho kinashuka kadiri umri unavyopanda. Kwa hivyo kilohezi 192 inahifadhi kwa uaminifu mkubwa sauti ambazo popo pekee ndiye atakushukuru.

Na biti 16? Zinatoa nafasi ya karibu desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Sebule iliyotulia ina kelele zake za desibeli 30 hivi, na hiyo ni kabla ya friji kuanza kunguruma, mbwa wa jirani kubweka na matatu kupiga honi. Ili utumie desibeli zote 96 juu ya kelele hizo, itabidi upige muziki kwa sauti ya kuumiza masikio. Chifu atakufikia kabla ya biti ya 17.

Sasa angalia gharama. Saa moja ya muziki wa CD kabla ya kubanwa ni kama megabaiti 635. Saa moja ya biti 24 na kilohezi 192 ni zaidi ya gigabaiti 4.1, mara sita na nusu. Na anayenunua bando za kuipakua ni wewe.

Watu wamelipima jambo hili. Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio katika jarida la Audio Engineering Society. Walichukua rekodi za ubora wa juu, wakazipitisha kwenye kifaa cha kuzishusha hadi kiwango cha CD, kisha wakawauliza wasikilizaji watambue ipi ni ipi bila kuona. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Kurusha shilingi hewani kungetoa hivyo hivyo.

Nisiwe mwongo: mwaka 2016 Joshua Reiss wa chuo cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 na kuzichanganua kwa pamoja, akakuta wasikilizaji walipatia asilimia 52.3. Ni zaidi ya nusu, na kitakwimu si bahati tu. Haya, nakubali. Lakini ukiona tangazo linalosema utahisi mwimbaji ameketi sebuleni kwako, kumbuka kwamba ukweli wote ulio nyuma yake ni asilimia mbili nukta tatu juu ya kubahatisha.

Biti 24 zina kazi yake, na kazi hiyo ni studio. Anayerekodi anahitaji nafasi ya kukosea, kupandisha na kushusha sauti bila kuokota kelele. Ukimaliza kupika hauleti jiko mezani.

Tena fikiria muziki wenyewe. Benga na rumba nyingi tunazozipenda zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku miaka ya 1960 na 1970, na kanda za wakati huo zina mvumo wake, shhhh, ambao upo juu sana ya kelele ya biti 16. Ukinunua wimbo kama huo kwa biti 24, biti nane za ziada zimejaa mvumo. Umelipia shhhh ya hali ya juu.

Walioamini nambari kubwa wameshapata somo. Mwaka 2014 Neil Young aliomba michango kwenye Kickstarter kutengeneza Pono, kichezeo cha faili kubwa. Akapata zaidi ya dola milioni 6, na kifaa kikauzwa dola 399. Mwaka 2016 duka lake la nyimbo lilifungwa, na halikufunguliwa tena. Mwaka huo huo wa 2014 likaja jambo liitwalo MQA, lililoahidi ubora wa studio mradi mashine yako iwe imelipiwa leseni ya kulifungua. Watu walinunua DAC mpya kwa ajili ya taa ndogo ya kuonyesha kwamba MQA imewaka. Aprili 2023 kampuni yake iliingia chini ya wasimamizi wa ufilisi, Lenbrook ya Canada ikaichukua Septemba, na Julai 2024 Tidal wakaiondoa wakatumia FLAC. FLAC ni ya bure na ni programu huria. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2001. Taa ndogo bado ipo kwenye DAC, haina wa kuiwasha.

Mahali sauti inapopotea kweli

Sauti ya wengi wetu ni mbaya kwa sababu ambazo wauzaji hawazitaji, maana kuzirekebisha hakuwaletei chochote.

Ya kwanza ni 320 bandia. Hii inaniudhi kuliko dhahabu. Mtu anakwenda kwenye tovuti za kubadilisha video kuwa MP3, anachagua "320 kbps, ubora wa juu", anajaza flashi, halafu analaumu spika. Sauti iliyo kwenye video hiyo ilikuwa imeshabanwa, tuseme kwa kilobiti 128 kwa sekunde, na ilipobanwa baadhi ya sauti zilitupwa. Tovuti inaifungua, inaibana mara ya pili, inatupa nyingine, kisha inabandika jina 320. Hiyo ni chai ya kikombe kimoja iliyoongezwa maji ijae birika. Birika limejaa, lakini onja. Pakua programu ya bure kama Spek au Audacity utazame picha ya masafa: ukiona sauti zote zimekatwa kama kwa panga karibu na kilohezi 16, na jina la faili linasema 320, kuna uwezekano mkubwa umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na mwanamuziki hakupata hata ndururu.

MP3 halisi ya 320, iliyotengenezwa moja kwa moja kutoka CD kwa programu nzuri kama LAME, ni jambo jingine. Wengi wetu, mimi nikiwemo, hatuwezi kuitofautisha na CD tukifumba macho. Sababu ya kupendelea FLAC si kwamba inaimba vizuri zaidi. FLAC haitupi kitu, kwa hivyo kesho unaweza kutoa humo MP3 ya gari au aina nyingine yoyote itakayovumbuliwa, bila kubana kilichokwisha kubanwa. MP3 ni mkate; FLAC ni unga. Kwenye ghala huweka unga.

Ya pili ni Bluetooth. Kwa jikoni unapopika haina neno. Lakini mtu anayebishana kuhusu biti 24 huku akipeleka muziki kwa Bluetooth anachekesha. Njia ambayo kila kifaa cha Bluetooth cha muziki kinalazimika kuielewa ni SBC, ambayo kwa kawaida haivuki kilobiti 328 kwa sekunde, na inabana kwa kutupa. Umehifadhi unga ghalani, halafu unapika kwa moshi. Kama amplifaya iko mita mbili kutoka kwa tarakilishi, waya wa kawaida unamaliza mjadala, na haukatiki simu inapoita.

Ya tatu, kubwa kuliko zote, ni spika na chumba. Nambari zikitoka kwenye DAC ya bei nafuu huwa zimeharibika kidogo sana, kwa kiasi ambacho sikio halisikii. Zikifika kwenye spika zinakutana na karatasi inayotikisika ndani ya sanduku la mbao, kwenye chumba chenye kuta za saruji na sakafu ya vigae. Hapo ndipo sauti hubadilika kwa kiasi ambacho hata nyanya yako atasikia. Spika iliyosukumwa kwenye kona hufurisha besi hadi inavuma kama ngoma ndani ya pipa. Spika iliyofungiwa kwenye kabati la TV huimba kama mtu aliyefunikwa blanketi. Zitoe kwenye kona, ziinue zifike usawa wa masikio ukiwa umeketi, tandika zulia, funga pazia zito. Besi yenye joto unaitaka? Sogeza spika sentimita thelathini. Bei yake ni sifuri.

Na kwa heshima zote kwa akina mama wa nyumba zetu: kitambaa cha kufuma kikae juu ya meza, kisikae juu ya amplifaya. Matundu yale ndiyo pua zake.

Nguo ya kuazima haisitiri matako

Sasa tufike kwenye kile kinachoniuma kuliko waya. Ninaposema nyimbo ziwe zako, simaanishi kubonyeza alama ya moyo kwenye programu ya simu. Spotify ilifika Kenya Februari 2021 na siwakatazi kuitumia. Ni njia nzuri ya kugundua muziki. Lakini hiyo ni nguo ya kuazima. Usipolipa inavuliwa. Mwenye haki akigombana na kampuni, wimbo unatoweka usiku bila hata kukuaga.

Historia ipo. Septemba 30, 2008, Yahoo walifunga duka lao la muziki pamoja na seva zilizokuwa zikitoa funguo za nyimbo zilizouzwa na kufuli. Aliyekuwa amelipa pesa halali hakuweza tena kuzihamishia nyimbo zake kwenye tarakilishi mpya. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba MySpace walipoteza muziki uliopakiwa na wasanii kati ya 2003 na 2015, nyimbo zaidi ya milioni 50, wakati wa kuhamisha seva. Kuna wanamuziki ambao nakala yao pekee ilikuwa pale.

Linganisha na Squeezebox, kile kisanduku cha kucheza faili zako kupitia hi-fi. Slim Devices walianza mwaka 2001 na kifaa walichokiita SLIMP3. Logitech wakawanunua mwaka 2006, kisha mwaka 2012 wakaacha kuvitengeneza. Mwaka 2024 tovuti iliyokuwa ikivihudumia ikazimwa. Kwa kawaida huo ungekuwa mwisho, visanduku viende jaani. Lakini programu ya seva ilikuwa huria tangu mwanzo, watengenezaji wa kujitolea wakaiendeleza, na leo inaitwa Lyrion Music Server. Visanduku vya miaka ya 2000 bado vinaimba, kwa sababu vitu viwili havikuwa mikononi mwa kampuni: programu, na faili. Wenye faili zao kwenye diski zao hawakupoteza wimbo hata mmoja.

Hapa kwetu jambo hili ni zito zaidi. Santuri nyingi za miaka ya sabini hazipo popote mtandaoni isipokuwa mtu mmoja aliyezitunza aketi chini azinakili. Joseph Kamaru alifariki Oktoba 2018, akiwa ameimba kwa zaidi ya miaka hamsini. Mjukuu wake, mwanamuziki anayejulikana kama KMRU, amezirudisha baadhi ya rekodi za babu yake kwenye Bandcamp. Ukinunua pale unapata FLAC isiyo na kufuli, na pesa inafika kwa familia. Hebu niambie: shilingi elfu kumi na mbili za waya zingenunua albamu ngapi?

Lakini hata Bandcamp usiitegemee kama ghala. Mwaka 2022 ilinunuliwa na Epic Games, mwaka 2023 ikauzwa tena kwa Songtradr, na karibu nusu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi. Ukinunua leo, pakua leo.

Basi fanya hivi

1. Tafuta tarakilishi kuukuu. Kama huna, Raspberry Pi inatosha. Ilipozinduliwa mwaka 2012 iliuzwa dola 35, na hata modeli za zamani zinaweza kazi hii. Usitumie tundu lake la vipokea sauti, ni dhaifu, na Raspberry Pi 5 haina tundu hilo kabisa. Weka DAC ndogo ya USB.

2. Weka programu ya bure. MPD ipo tangu 2003, haina mapambo, na unaiongoza kwa simu ukiwa umelala kwenye kochi. Asiyetaka kugusa amri za Linux achukue Volumio au moOde.

3. Waya wa kutoka DAC hadi amplifaya uwe wowote ulio mzima. Chomeka kwenye AUX, CD au TAPE. Usichomeke kwenye PHONO: tundu hilo ni la santuri, linaikuza sauti mara nyingi na kupindua masafa yake, utasikia makelele matupu.

4. Sauti ya tarakilishi iweke juu kabisa, kisha uongeze na kupunguza kwa kirungu cha amplifaya. Zima "besi busta" na madoido yote.

5. Ukinunua mitumba Luthuli Avenue au kwingineko, soma kibandiko cha nyuma. Mashine za Uingereza zinakubali umeme wetu wa volti 240. Zilizotengenezewa soko la Japani zinataka volti 100. Ukizichomeka bila transfoma, muziki wa kwanza utakuwa moshi.

6. CD zako zinakili kwa Exact Audio Copy, ambayo hulinganisha nakala yako na za watu wengine duniani waliokuwa na CD ileile. Hifadhi kama FLAC. Diski ya terabaiti moja inameza kama saa 2,800 za muziki. Huwezi kuzimaliza kwa miezi mitatu ukisikiliza usiku na mchana.

7. Nunua diski ya pili na unakili kila kitu. Iweke nyumba nyingine, hata kwa shangazi. Akiba haiozi, lakini diski hufa.

8. Pesa iliyobaki yote, spika.

"Lakini mimi nasikia tofauti!"

Najua. Na sisemi unadanganya. Ubongo ukijua umelipa elfu kumi na mbili utasikia elfu kumi na mbili. Pia sauti iliyo juu kwa desibeli moja tu huonekana nzuri zaidi, na muuzaji mjanja analijua hilo. Ndiyo maana mkono wake hautoki kwenye kirungu.

Kwa hivyo pima kama mtu mzima. Sawazisha sauti ya pande zote mbili. Mwombe mtu abadilishe waya bila wewe kuona, kwa kurusha shilingi, mara 16, huku akiandika. Wewe taja ni waya upi. Anayebahatisha hupatia 12 au zaidi chini ya mara 4 katika kila majaribio 100, kwa hivyo ukifikisha 12 umenishtua, ukirudia ukafikisha tena nitakupikia pilau. Kwa kulinganisha faili, programu ya bure ya foobar2000 ina kiongezi cha ABX kinachofanya kazi hiyo bila kumsumbua mtu.

Wengi niliowapa changamoto hii husema watarudi wiki ijayo. Nimejifunza kutonunua mchele mapema.

Mtu akikwambia nyimbo zako hazitoshi, muulize swali moja: "Nionyeshe nambari iliyobadilika." Kama hawezi, anakuuzia hadithi, na hadithi za bure tunazo nyingi nyumbani.

Haya, wenye maduka rusheni mawe, nipo. Ninyi wengine nina swali moja kabla hamjalala: nakala ya pili ya nyimbo zenu iko wapi?